Dar hadi Guangzhou: namna ya kupiga hesabu ya kilomita na masaa kabla hujalipa tiketi

Swali ninaloulizwa kuliko yote ni hili: "Hivi Guangzhou ni masaa mangapi?" Nami huwa najibu kwa swali. Unataka masaa ya angani, masaa yaliyoandikwa kwenye tiketi, au masaa ya kutoka mlangoni kwako mpaka uweke begi chini hotelini Xiaobei, mtaa wa huko Guangzhou? Ni hesabu tatu, na watu wengi hulipa wakiwa wanajua moja tu.

Mimi nakata tiketi Kariakoo, pembeni ya Mtaa wa Aggrey. Wateja wangu ni watu wa vitenge, simu, spea za pikipiki, vyombo vya ndani. Ndiyo maana mfano wangu ni Guangzhou. Ila ukishaielewa njia, utapiga mwenyewe hesabu ya London, Muscat au Toronto bila kumsumbua mtu.

Tuanze na kilomita

Mteja anakuja na simu mkononi. "Kaka, huku wameandika 8,700, huku 5,400, na kuna kijana kaniambia 4,700. Nani mwongo?" Hakuna mwongo hapo. Ya kwanza ni kilomita. Ya pili ni maili za nchi kavu, ambazo moja ni kilomita 1.609. Ya tatu ni maili za baharini, moja ni kilomita 1.852, na hizo ndizo wanazotumia marubani na mabaharia. Umbali ni ule ule. Ukikuta tofauti ndogo ya kilomita kumi au ishirini, ujue mmoja kapima uwanja kwa uwanja na mwingine kapima katikati ya mji kwa katikati ya mji.

Ukitaka kuona kwa macho, chukua tufe la mtoto wa shule na uzi. Bana ncha moja ya uzi Dar, nyingine Guangzhou, kule kusini mwa China karibu na Hong Kong, kisha vuta mpaka uzi ukaze. Ukikaza, uzi wenyewe unatafuta njia fupi. Weka alama kwa kalamu. Sasa pima uzi wa pili kutoka Ikweta hadi Ncha ya Kaskazini. Huo wa pili ni kilomita 10,000, na si kwa bahati: Wafaransa walipoiweka mita miaka ya 1790 waliitoa kwa kuugawa umbali huo huo sehemu milioni kumi. Linganisha nyuzi mbili na utaona ule wa Guangzhou unafika kama asilimia 87 ya ule wa Ncha. Hapo tayari una kilomita 8,700 na hujagusa intaneti.

Ramani ya ukutani usiitumie kwa kazi hii. Kwa Guangzhou itakudanganya kidogo tu, kwa sababu njia yenyewe haiko mbali sana na Ikweta. Kwa Marekani itakupoteza kabisa. Chora kwa rula mstari wa Nairobi kwenda New York kwenye ramani ya kawaida, na katikati ya mstari itaangukia baharini upande wa Mauritania. Lakini katikati ya njia fupi ya kweli iko karibu na Marrakech, Morocco, juu zaidi kaskazini. Kwa Dar na Guangzhou, katikati iko baharini karibu na pwani ya Kerala, India ya kusini. Ukiona kwenye skrini ya kiti ndege inakata India halafu Ghuba ya Bengal, tulia, nusu ya kwanza imekwisha.

Kwa anayependa hesabu kamili, simu yako inatosha. Fungua kikokotoo, kilaze upande ili zitokee sin na cos, na hakikisha kimewekwa kwenye digrii. Uwanja wa Julius Nyerere uko latitudo 6.88 kusini, kwa hiyo unaandika hasi: −6.88, na longitudo yake ni 39.20 mashariki. Uwanja wa Baiyun, Guangzhou, ni latitudo 23.39 kaskazini na longitudo 113.30 mashariki. Toa longitudo ndogo kwenye kubwa: 74.10. Kisha:

sin(−6.88) × sin(23.39) = −0.048

cos(−6.88) × cos(23.39) × cos(74.10) = 0.250

Jumlisha, unapata 0.202. Bonyeza kitufe cha cos⁻¹ na itakuja 78.3. Hizo ni digrii za duara la dunia kati ya miji miwili, na kila digrii ni kilomita 111.2. Zidisha: 8,710 hivi. Kama mji mmoja uko magharibi ya Greenwich, pale London longitudo inapoanzia sifuri, kama New York, longitudo yake nayo ni hasi, na kutoa hasi ni kujumlisha. Hapo ndipo wengi wanapopotea.

Ndege yenyewe haitaruka hizo 8,710 kamili. Kuna njia za angani zilizopangwa, kuna dhoruba za kukwepa, kuna anga la nchi fulani limefungwa. Hili la mwisho si dogo. Tangu Urusi ilipowafungia anga mashirika ya Ulaya mwaka 2022, Finnair ya Helsinki kwenda Tokyo ilitoka masaa tisa na nusu hivi ikafika kama kumi na tatu. Miji haijasogea hata mita moja. Kwa safari yetu ya kusini mambo si mabaya hivyo. Ongeza kilomita mia moja au mia kadhaa kichwani, usiongeze zaidi.

Kilomita kuwa masaa

Ndege kubwa za safari ndefu, kama Boeing 787, huenda kasi ya kilomita 900 kwa saa ikishatulia juu. Ila usigawe kwa 900. Ndege inatembea chini kwanza, inapanda taratibu, inashuka taratibu, na mara nyingine inazungushwa juu ya uwanja ikingoja zamu. Kanuni yangu ya mezani: gawa kilomita kwa 850, ongeza nusu saa.

8,710 kwa 850 ni 10.25. Ongeza nusu: masaa 10 na dakika 45. Ijaribu kwa Nairobi na New York, kilomita 11,840: unapata masaa 14 na dakika 25. Kenya Airways walipoanza safari hiyo Oktoba 2018 walitangaza masaa 15 kwenda na 14 kurudi. Kanuni imekaa katikati, kama inavyotakiwa.

Na kwa nini kwenda na kurudi hazilingani? Upepo. Huko juu, hasa kaskazini ya Ikweta, kuna upepo mkali unaotoka magharibi kwenda mashariki, na ukali wake unazidi miezi ya Disemba hadi Februari. Anayekwenda China anasukumwa mgongoni, anayerudi Dar anaupiga kwa kifua. Kwa hiyo ukipiga 10:45, tarajia pungufu kidogo wakati wa kwenda na ongeza nusu saa au zaidi wakati wa kurudi.

Moja kwa moja au kupitia?

Air Tanzania wamekuwa wakienda Guangzhou kwa 787 yao, lakini si kila siku, na ratiba hubadilika. Angalia ya mwezi wako. Siku ambazo hakuna ndege ya moja kwa moja, watu hupita Addis Ababa, Dubai au Doha. Swali ni je, unazunguka kiasi gani?

Dar–Addis ni kilomita 1,760, Addis–Guangzhou 8,040. Jumla 9,800.
Dar–Dubai ni 3,980, Dubai–Guangzhou 5,830. Jumla 9,800 na ushee.
Dar–Doha ni 3,820, Doha–Guangzhou 6,200. Jumla 10,020.

Tazama hapo. Kuna watu watakuapia kwamba Addis ni njia fupi kuliko Dubai kwa sababu "Addis ni hapo tu". Ni kweli Addis ni hapo tu, ila kilichopungua mwanzo kinalipwa mwisho. Zote mbili ni sawa. Zote zinakuzidishia kilomita 1,100 tu juu ya ile ya moja kwa moja. Ukitumia kanuni ya 850 kwa kila kipande, Addis inakupa masaa 12 na nusu hivi angani, Dubai vile vile, Doha robo saa zaidi. Tofauti na moja kwa moja haifiki hata masaa mawili na nusu.

Kwa hiyo kinachokula siku yako ni kungoja uwanjani. Tiketi mbili za njia moja, shirika moja, zinaweza kutofautiana bei kwa sababu moja inakungojesha masaa matatu na nyingine kumi na nne. Mtu anaona ya bei ya chini, anashangilia. Kumi na nne uwanjani ni chai, ni chakula, ni maji, na vyote kwa dola. Kama shirika halitoi hoteli kwa tiketi yako, utalala kwenye kiti cha chuma umekumbatia mkoba. Kijana wa miaka ishirini na tano mwache aende. Mama wa miaka sitini anayeumwa magoti namkataza wazi wazi, hata kama kamisheni yangu ni ile ile.

Jambo jingine la kungoja: usinunue vipande viwili kwa tiketi mbili tofauti ukidhani umeokoa pesa, mathalani Dar–Nairobi kwa shirika moja na Nairobi–Guangzhou kwa jingine. Safari ikiwa kwenye tiketi moja, begi linaandikwa CAN, alama ya uwanja wa Guangzhou, tangu Dar, na ndege ya kwanza ikichelewa ni kazi yao kukutafutia nyingine. Tiketi zikiwa mbili, mara nyingi utapita uhamiaji, uchukue begi, upange foleni upya kaunta. Na ukichelewa, ya pili imekwenda na pesa yako. Ukilazimika kufanya hivyo, jiwekee angalau masaa sita katikati.

Kusoma saa za kwenye tiketi

Hapa ndipo pana hasara kubwa, kwa hiyo sitaki upite haraka.

Tiketi huandika saa za mji husika. Saa ya kuondoka ni ya Dar, saa ya kufika ni ya Guangzhou. Guangzhou iko mbele yetu kwa masaa matano, mwaka mzima. China yote, kubwa ilivyo, inatumia saa moja, na si wao wala sisi tunaosogeza saa kwa msimu. London ni kazi zaidi: wako nyuma yetu masaa matatu wakati wa baridi na mawili wakati wa joto. New York ni manane au saba.

Sasa, ili ujue safari ni masaa mangapi, zirudishe saa zote mbili kuwa za Dar. Tuchukue mfano tu: unaondoka 16:00 tarehe 5, unafika 07:30 tarehe 6. Toa tano kwenye 07:30, inakuwa 02:30 ya Dar. Kutoka saa kumi jioni hadi saa nane na nusu usiku ni masaa 10 na nusu. Basi.

Wakati wa kurudi watu huchekesha. Unaondoka Guangzhou 11:00, unafika Dar 17:15 siku hiyo hiyo. "Mbona kurudi ni masaa sita tu?" Si sita. Saa 11:00 ya kule ni 06:00 ya huku. Kutoka hapo hadi 17:15 ni masaa 11 na robo, na upepo wa usoni umo ndani.

Kuzigeuza kuwa saa zetu: kuanzia 07:00 punguza sita, na ikibaki kumi na tatu au zaidi punguza kumi na mbili tena. 22:40 inakuwa saa nne na dakika arobaini usiku. Kati ya 00:00 na 06:59 ongeza sita. 01:55 inakuwa saa nane kasoro dakika tano usiku.

Na hiyo 01:55 ndiyo adui. Tiketi ikiandika tarehe 15, saa 01:55, ni usiku wa kuamkia tarehe 15. Yaani tarehe 14 ukishakula chakula cha usiku ndipo unatoka nyumbani. Kuna mama mmoja wa mabegi, mfanyabiashara mzoefu kabisa, alinunua tiketi ya namna hiyo mtandaoni. Akafunga duka jioni ya tarehe 15, akaagana na wajukuu, akafika uwanjani saa tano usiku amependeza. Ndege yake ilikuwa imeshatua zamani. Tangu hapo kila tiketi ya baada ya saa sita usiku naiandikia kwa peni nyekundu: "TOKA NYUMBANI TAREHE 14." Wewe nawe andika hivyo, na uibandike jikoni ili hata wa nyumbani wakukumbushe.

Ukiona alama ya +1 pembeni ya saa ya kufika, maana yake unafika kesho yake. Hoteli uiwekee tarehe ya kufika, si ya kuondoka.

Mlango kwa mlango

Turudi kwenye ule mfano wa 16:00, ndege ya moja kwa moja, unatoka Kariakoo. Uwanjani ni kilomita kumi na mbili hivi kwa Barabara ya Nyerere. Tangu daraja la juu la Tazara lifunguliwe 2018 makutano yale yamepata nafuu, ila mvua ikinyesha usiamini mtu. Toka saa sita mchana, uwe uwanjani saa saba. Masaa matatu ya kaunta, uhamiaji na ukaguzi. Kisha 10:45 angani kwa kanuni yangu, unatua saa tisa kasoro robo usiku ya Dar, ambayo kule ni saa mbili kasoro robo asubuhi. Foleni ya uhamiaji na begi, weka saa moja na nusu. Kutoka Baiyun hadi mjini ni kama kilomita 28 kusini. Unaweza kuchukua treni ya chini ya ardhi, laini ya 3, halafu ubadilishe kufuata laini ya 5 mpaka Xiaobei, au teksi. Weka saa moja na robo. Unafungua chumba saa nne na nusu asubuhi, ambayo kwetu ni saa kumi na moja na nusu alfajiri.

Hesabu kutoka saa sita mchana: masaa 17 na nusu. Uliambiwa kumi na kitu.

Kwa Addis ukingoja masaa matatu, unafika kama 22. Ukingoja kumi na nne, 33. Ukitua usiku wa manane, treni imelala, na teksi tu ndiyo iliyobaki. Andika jina la hoteli kwa Kichina kwenye karatasi kabla hujaondoka, maana dereva hatasoma herufi zetu.

Lakini usidhani moja kwa moja inashinda siku zote. Leo Jumatano, na ndege ya moja kwa moja ni Jumamosi. Aliyepita Addis jioni hii ataingia Guangzhou Alhamisi usiku na Ijumaa asubuhi yuko sokoni Baima, wakati wewe bado unasikiliza honi za bajaji Msimbazi.

Panga kwa kurudi nyuma

Usije mezani ukaniambia unataka kuondoka lini. Niambie unatakiwa uwe wapi, lini, saa ngapi.

Maonyesho ya biashara ya Canton ndiyo mfano mzuri. Yapo tangu 1957, yanafanyika Guangzhou mara mbili kwa mwaka, na kwa awamu tatu. Awamu ya tatu, yenye vitambaa, nguo na viatu, ni kuanzia Mei 1 hadi 5, na kwenye maonyesho ya pili ya mwaka awamu hiyo hiyo ni Oktoba 31 hadi Novemba 4. Mtu wa vitenge na nguo akifika Mei 2 amepoteza siku katika tano. Kwa hiyo Mei 1 asubuhi awe mlangoni Pazhou, yanapofanyika maonyesho. Kitambulisho cha kuingilia kina foleni yake, basi Aprili 30 mchana awe keshalala kidogo na kuoga. Rudisha masaa 17 na nusu: atoke Kariakoo Aprili 29 mchana kama kuna ndege ya moja kwa moja siku hiyo. Kama hakuna, rudisha 22, na ujumlishe nusu siku ya tahadhari: Aprili 28. Angalia pia kwamba Mei mosi wenyeji nao wako sikukuu, na baadhi ya viwanda na maduka ya jumla hufunga. Oktoba 1 hadi 7 ni hivyo hivyo, na Mwaka Mpya wao ndiyo usiseme. Kama safari yako ni ya viwandani na si ya maonyesho, zikwepe tarehe hizo zote.

Na mwachie maelekezo atakayebaki dukani. Kule wanafungua saa tatu asubuhi, wakati Dar ni saa kumi usiku. Muuzaji akitaka malipo ya awali asubuhi hiyo hiyo, mwenzio wa kutuma pesa amelala na benki imefungwa. Benki za huku zikifungua saa mbili na nusu, kule ni saa saba na nusu mchana. Kwa hiyo mapatano ya bei fanya asubuhi, na malipo mwambie muuzaji tangu mwanzo kuwa ni baada ya chakula cha mchana. Ijumaa ndiyo siku ya kuwa makini zaidi: pesa ikitoka Dar saa tisa alasiri, kule ni saa mbili usiku, na haitaguswa mpaka Jumatatu.